Waifai sebuleni inakimbia, chumba cha nyuma inakufa, nifanyeje? (Kigoma)

Mwana_Kibirizi
Habari za jioni wakuu. Nakaa Mwanga hapa Kigoma mjini, nina ruta ya laini nalipia kifurushi cha mwezi, nyumba ni ya tofali za kuchoma na uani kuna chumba anakaa mdogo wangu, anasoma kwa mtandao. Sebuleni neti iko poa, ukiingia chumba chake inabaki alama moja, video inazunguka weee haifunguki, halafu kuanzia saa mbili usiku hata sebuleni inakuwa nzito. Juzi yuko kwenye mtihani wa majaribio ikamkatikia mara tatu, katoka huko machozi yanamlenga na mimi sina la kumwambia, iliniuma sana. Huduma kwa wateja wananiambia nipandishe kifurushi. Nilipie au kuna kitu nakosea? Ruta iko kwenye kabati, nyuma ya TV.

Fundi_Gungu
Usilipe kwanza mkuu. Ruta ya laini inafanya kazi mbili na watu wanazichanganya, inavuta 4G kutoka mnarani halafu inagawa waifai humo ndani, inaweza kuumwa moja nyingine ikawa nzima. Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta upime spidi kwa simu, nenda chumba cha dogo upime kwa simu hiyohiyo. Ikianguka ukifika kule ni kuta zako, na kifurushi kikubwa hakitoboi tofali. Ikiwa mbovu palepale kwenye ruta ni habari ya mnara. Pima mchana, rudia saa tatu usiku, leta majibu.

Mwana_Kibirizi
Mchana kwenye ruta 17 Mbps, kwa dogo 1.4. Usiku kwenye ruta 3, kwa dogo hata ukurasa wa kupimia haukufunguka.

Mama Shija
Mwanangu itoe hiyo ruta nyuma ya TV. Mimi niko Tabora, Isevya, yangu ilikuwa juu ya friji nikahangaika miezi, kumbe chuma chote kile kinaizuia, nilipoipandisha juu ya kabati la mbao mambo yakabadilika siku hiyohiyo. Na angalia nani wanaitumia, nilipofungua ukurasa wa ruta nikakuta simu 11 na sisi tuko wanne, nikabadilisha paswedi.

Fundi_Gungu
Basi una yote mawili. Anza na mnara. Fungua kwenye simu ile anwani iliyoandikwa chini ya ruta, zipo za 192.168.8.1 au 192.168.1.1, tafuta sehemu imeandikwa RSRP, ndiyo nguvu ya mawimbi ya mnara. Ni namba ya hasi, kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo nzuri, -80 uko vizuri sana, ikifika -110 ruta inahangaika. Tembea nayo dirisha kwa dirisha, kila sehemu isubiri dakika mbili usome namba, na kwa vilima vyetu hivi upande mmoja wa nyumba unaweza kuona mnara na mwingine usiuone kabisa. Usiku mnara unajaa watu, hilo huliondoi, ila mwenye mawimbi mazuri anaumia kidogo.

Kwa dogo sasa. Pitisha kebo ya mtandao mpaka chumbani kwake, inafika mita 100 bila shida, mwishoni funga ruta ya zamani kama unayo. Ruta hiyo uizime DHCP ili ile kubwa peke yake igawe anwani, ipe anwani yake isigongane na ya kwanza, na kebo ichomekwe tundu la LAN sio WAN. Ripita, kile kidude cha kudaka waifai na kuirusha tena, usinunue.

Reli_ya_Kati
Fundi hapo kwenye ripita sikubaliani na wewe, mimi ninayo mwaka wa pili na inanitosha.

Fundi_Gungu
Inategemea kaka. Za bei rahisi zinapokea na kurusha kwa redio ileile, spidi inakatika karibu nusu. Na wengi wanaichomeka huko huko waifai ilikokufa, sasa itarudia nini? Ikae katikati ya njia. Kwa kusoma whatsapp sawa, kwa mtihani wa mtu mimi nasema kebo.

Mwana_Kibirizi
Shikamoo Mama Shija, ahsanteni sana wote. Nyuma ya TV ilikuwa inasoma -113, nimeihamishia dirisha la jikoni linaloangalia mlimani ikawa -96, jana saa tatu usiku nimepata 9. Ruta ya zamani ninayo, kebo mita 25 nimenunua tumefunga leo, chumbani kwa dogo 15! Ila kebo imekatiza uani juu kwa juu, kuna ubaya?

Fundi_Gungu
Upo. Jua litaila, na radi za huku unazijua, ikipiga karibu umeme unapita kwenye hiyo kebo unaua ruta zote mbili na kompyuta ikiwa imechomekwa. Iweke kwenye bomba la plastiki uifukie, na ukisikia ngurumo chomoa kebo na adapta pande zote mbili hata bomba likiwepo.

Mwana_Kibirizi
Sawa mkuu, bomba kesho asubuhi. Dogo ana mtihani wenyewe Alhamisi, nitakaa naye hapohapo mlangoni.