Deni la umeme limepelekwa kwa wakusanya madeni na kipato sina, nifanyeje?

bado_napambana
Wakuu habari zenu. Nilipunguzwa kazini na tangu hapo naishi kwa vibarua, kodi ya nyumba na chakula cha watoto ndo vinatangulia, umeme ukabaki nyuma mpaka bili zikarundikana. Sasa kampuni ya umeme imelipeleka deni kwa wakusanya madeni na hawa watu hawana simile kabisa, simu asubuhi simu usiku, jana wamempigia mpaka dada yangu wakamwambia nakimbia deni. Barua yao inasema nisipolipa lote wiki hii watakuja kubeba vitu. Lote sina, hata nusu sina. Naogopa kupokea namba nisiyoijua na huenda ndo ya kazi niliyoomba. Jamaa yangu ananishauri nikope kwenye simu nilipe yaishe. Naombeni ushauri.

Mama Zai
Pole sana mdogo wangu. Huo mkopo wa simu achana nao kabisa, deni la umeme mnaweza kukaa mkapangiana, ule ukichelewa kidogo tu riba imeshapanda na bado umeme unaendelea kuutumia, utakuwa na wadai wawili.

Halafu kabla hujatoa hela yoyote kaa na hizo bili. Angalia kila mwezi mita ilisomwa kweli au waliweka makadirio tu, maana makadirio yakipanda mfululizo unajikuta unadaiwa umeme ambao hujawasha. Nenda kwenye mita piga picha, ionekane namba ya mita na zile tarakimu za matumizi. Tarakimu za ukutani zikiwa ndogo kuliko za kwenye bili, umezidishiwa, waandikie wakokotoe upya. Na hakikisha namba ya mita kwenye bili ndo ileile ya ukutani, nyumba za wapangaji wengi mita zinachanganywa mtu analipia jirani na hajui. Kama kuna deni la aliyekaa kabla yako toa mkataba unaoonyesha ulihamia lini.

sauti_ya_upande_wa_pili
Mkuu mi nimewahi kukaa kwenye dawati la kupiga hizo simu. Mkusanya madeni anakuwa ametumwa na kampuni kwa kamisheni au amelinunua deni lenyewe kwa bei ya chini, sasa waulize kwa maandishi wao ni yupi kati ya hao, deni ni la miezi ipi, na wamechajia gharama gani juu yake. Kuuliza ni haki yako. Usilipe kwenye namba ya mtu binafsi, na ipigie kwanza kampuni ya umeme kwa namba iliyo kwenye bili yako ya zamani wathibitishe, matapeli nao wanatumia barua za hivihivi.

Kubeba vitu kwa kawaida ni kazi ya dalali wa mahakama mwenye amri mkononi. Hiyo barua yako iangalie, ina namba ya kesi? ina muhuri wa mahakama, tarehe ya kufika? Kama haina ni barua ya kudai tu na huna haja ya kumfungulia mtu mlango. Lakini siku ikija ya mahakama kweli USIIKALIE, ukikaa kimya hukumu inatoka bila wewe na hapo ndo vitu vinabebwa.

Simu wape neno moja, "niandikieni". Kila wakipiga andika saa na jina la aliyepiga, hasa hiyo ya kumpigia dada, nchi nyingi sheria inakataza kutangaza deni la mtu kwa ndugu zake na malalamiko ya hivyo yanapokelewa kwa msimamizi wa huduma za umeme au wa mikopo.

bado_napambana
Asanteni mno. Nimeenda kuangalia, bili kadhaa za mwisho ni makadirio kweli na mita iko chini yake. Sasa hiyo itakayobaki nilipeje, nikiwaambia kiasi kidogo si watanikatia?

Mama Zai
Waandikie kampuni yenyewe, weka kipato chako, kodi, chakula, nauli, kinachobaki ndo unachotoa kila mwezi juu ya bili ya mwezi huo. Usikubali kiwango cha kuwafurahisha halafu mwezi wa pili ushindwe, makubaliano yakivunjika ndo wanapata sababu ya kukata. Kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mgonjwa au mashine ya matibabu sema mapema, sehemu nyingi wana utaratibu wa watu wa hali hiyo ila hawakutangazii. Wakikuwekea mita ya kulipia kabla, uliza kila ukinunua umeme wanakata kiasi gani cha deni na uombe wapunguze, wengine wanakatwa sana wanalala giza wakati hela wamelipa.

sauti_ya_upande_wa_pili
Nyongeza, picha za mita ziambatanishe kwenye hiyo barua, na waandike kwamba ukusanyaji usimame mpaka hesabu irekebishwe. Nakala mpelekee na mkusanya madeni.