Tupeane uzoefu: ukiwa unawaza, kichwani mwako kunakuwa na nini?

Wakuu habari za usiku. Kuna jambo limenikaa tangu Jumapili nikaona nililete hapa. Tulikuwa barazani na wife, umeme umekatika, akaniuliza mbona kimya unawaza nini, nikamwambia nabishana na fundi aliyetupigia bati hovyo, yaani kichwani nilikuwa namsemesha kabisa, nasema mimi, anajibu yeye, namkatiza. Akashangaa. "Kwa hiyo unasikia maneno?" Nikamwambia si kila mtu? Akasema yeye hana, akiwaza kesho apike nini hakuna kinachosema "maharage" humo ndani, anajikuta tu ameshajua. Miaka 11 tunalala kitanda kimoja nikidhani vichwa vyetu vinafanya kazi sawasawa.

Plato wa Ugiriki aliandika kwamba kuwaza ni roho kuongea na yenyewe, na sisi tunasema "nikasema moyoni". Sasa asiye na maneno moyoni anasema nini? Eleza ya kwako, usione aibu.

Cherehani_Moro: Mimi ni picha mwanzo mwisho. Mteja akiweka kitambaa mezani gauni naliona limeshaisha, nalizungusha mpaka mgongoni naona zipu inakaa wapi, ndo nakata. Shida inakuja kwenye kufundisha. Nina mabinti wawili wanajifunza, wakiniuliza umejuaje hapa pakatwe mshazari nabaki namung'unya, kwa sababu hayo mawazo hayakuwahi kuwa maneno hata siku moja, inabidi niyatafutie maneno upya na yakitoka yanakuwa nusu. Kwa hiyo anayesema bila lugha hakuna kufikiri aje akae kwangu siku moja aone.

Mgema77: Dada na heshima zote napinga. Hiyo ni kuona, kufikiri ni kingine. Kufikiri lazima useme hiki ni kweli kwa sababu ya kile, na "kwa sababu" haina picha.

Mwenye uzi: Mgema hapo umenigusa ila nijibu hili. Ushawahi kutafuta neno likawa ulimini halitoki? Mtu anakutajia, sio Salehe? hapana, Salum? hapana, ukilipata unasema ndo hilohilo. Sasa yale ya uongo ulikuwa unayakataa kwa kutumia nini wakati neno lenyewe huna? William James Mmarekani aliliandika hilo mwaka 1890, akasema lile pengo sio tupu, lina umbo lake. Mimi naona kuna kuwaza kunakotangulia maneno.

Ticha_darasa_la_kwanza: Nina mwaka wa 14 na watoto wa darasa la kwanza. Ukimpa mtoto tano jumlisha tatu anaongea, tano, ongeza moja, ongeza nyingine, darasa zima linavuma kama mzinga, na mimi nilikuwa nawakemea fanyeni kimyakimya. Baadaye nikaja kusoma habari za Lev Vygotsky, mwanasaikolojia Msovieti aliyefariki 1934 kwa kifua kikuu ana miaka 37 tu. Piaget wa Uswisi aliona mtoto kuongea peke yake ni utoto, akikua unaisha. Vygotsky akasema hauishi, unazama ndani, ndo yanakuwa haya maneno ya kichwani ya mtu mzima, na yakizama yanafupika sana, sentensi nzima inabaki kineno kimoja. Labda ya mkeo mwenye uzi yamefupika mpaka hayasikiki. Mimi kinachoniuma ni kwamba kuna mtoto alikuwa anakosa hesabu zote, siku nilipomwachia mdomo wake akapata nane kati ya kumi. Wote niliowanyamazisha kabla yake je.

Bint_Maskati: Hapa Muscat nyumbani tunaongea Kiarabu, ofisini Kiingereza, ila nikihesabu pesa naanza moja mbili tatu, ndivyo alivyonifundisha bibi aliyerudi kutoka Unguja. Na nikikasirika Kiswahili ndo kinawahi.

Usiku_mrefu: Nashukuru kwa uzi. Mwaka juzi kazi iliisha ghafla, nikawa silali. Mnajua kwetu ukisema fulani ana mawazo hakuna anayedhani ni msomi, watu wanajua anaumwa ndani kwa ndani. Ndo nilikuwa mimi. Saa nane usiku yanakuja, kodi, ada, mdogo wangu, nayafukuza yanarudi. Nikajiuliza hivi ni mimi ninayewaza au mimi ndo ninawazwa? Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, aliandika mwaka 1637 nafikiri, kwa hiyo nipo, lakini Lichtenberg Mjerumani akaja kusema kwamba tungesema tu kunafikirika, kama tunavyosema radi imepiga. Nilipoisoma nikaona mbona kwetu iko hivyohivyo, tunasema wazo limenijia, jina limenitoka, mawazo yamenizidi, sisi ndo tunaojiwa. Ilinisaidia sana kuyaona kama wageni. Yanabisha hodi, sio lazima yote niyakaribishe, mengine nayaacha nje mpaka kukuche.

Jirani_wa_Pangani: Picha mimi sina. Hata moja. Nikifumba macho ni giza, ukiniambia fikiria ng'ombe najua ana pembe na mkia ila simwoni. Nilijua "namwona kabisa mbele yangu" ni usemi tu wa watu mpaka alipofariki mama 2019, ndugu zangu kila mmoja anasema usiku anamwona, mimi najaribu kumtafuta uso sipati, nikajiona labda sikumpenda vya kutosha. Nililibeba hilo miaka. Kumbe Francis Galton Mwingereza alishawauliza watu mwaka 1880 wakumbuke meza yao ya kifungua kinywa wanaona nini, na wapo waliomjibu hawaoni kitu. Jina nalo limekuja juzijuzi tu, Adam Zeman na wenzake 2015 wakaiita afantasia. Na sio ugonjwa.

Cherehani_Moro: Pole sana ndugu yangu. Ngoja nikuulize, sauti yake je?

Jirani_wa_Pangani: Sauti ninayo dada. Alikuwa akirudi sokoni anakohoa mara mbili akifika mlangoni kabla ya hodi, ili tuache makelele. Hicho kikohozi nakisikia mpaka leo, hata hapa ninavyoandika.