Naomba ushauri: mama kaitikia "yesi", polisi wakapekua nyumba

Habari zenu wakuu. Niko Columbus, Ohio, na mama amekuja kunitembelea. Kiingereza chake ni cha salamu tu. Juzi nikiwa kazini, askari waligonga wakimtafuta kijana aliyewahi kupanga kwetu. Mmoja akauliza kitu, mama kasimama mlangoni na khanga yake, akaitikia "yesi, yesi". Wakaingia. Wamepekua hadi kabati langu, na begi nililolifunga kwa kufuli wamelikata. Hati ya mahakama hawakuonyesha. Wameondoka na simu yangu ya zamani.

Nimesoma kidogo. Kesi ya Schneckloth dhidi ya Bustamonte, 1973: Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema ridhaa lazima iwe ya hiari, na hiari hupimwa kwa kuangalia mazingira yote, ila askari halazimiki kukwambia kwamba unaweza kukataa. (Sasa mgeni atajuaje?) Bumper dhidi ya North Carolina, 1968, bibi aliambiwa kuna hati ndipo akawaruhusu, mahakama ikasema hiyo si ridhaa. Lakini kwa mama hawakutaja hati kabisa.

Je, kutoelewa lugha kunahesabika? Na mgeni ana mamlaka gani juu ya begi langu lenye kufuli?

Sijashtakiwa kwa lolote. Nitafute wakili sasa hivi, au nianze kwa kudai simu yangu mwenyewe? Na wakirudi, mama aseme nini pale mlangoni, kwa maneno mepesi anayoweza kuyakariri?