Niliuziwa marashi ya Santal 33 mjini Kisumu, yakafa ndani ya dakika 40, kisha nikaambiwa tatizo ni ngozi yangu

Wadau, nina hasira na sitaificha. Shilingi 7,500 zangu zimeingia kwenye kichupa cha mililita 10, na nilichopata ni dakika 40 za harufu ya achari. Niliporudi kulalamika, muuzaji alinitazama usoni akaniambia, "Bosi, ngozi yako inakula marashi." Mbele ya wateja wengine! Jina la duka sitalitaja. Liko katikati ya mji, na najua wengi humu mnanunua pale pale ama kwa wenzake wanaouza kwa simu na kutuma kwa matatu.

Hii Santal 33 nilianza kuitamani mwaka jana, binamu yangu wa Nakuru alipokuja nayo kwenye matanga. Mnajua matanga ya huku kwetu: moshi wa kuni, jasho, vumbi, watu mia kadhaa chini ya hema. Na bado alipopita nyuma yako ulijua ni yeye. Nilimuuliza kwa wiki nzima. Ni ya Le Labo, watu walioanza New York mwaka 2006, na yenyewe ilitoka 2011. Ndani yake kuna sandali ya Australia, mwerezi, iliki, airisi, na harufu fulani ya ngozi iliyotengenezwa, kama mkoba mpya. Huvaliwa na mwanamume na mwanamke bila swali.

Swali hilo kwa muuzaji wangu lilikuwapo. "Ni yako ama ni ya mama watoto?" Nikamwambia ni ya jinsia zote. Akasema sawa, lakini hii imeegemea wanaume. Huwa nakasirishwa sana na maneno haya. Mimi nimelelewa Manyatta Arab, na bibi yangu alikuwa na chetezo kimoja. Alifukiza kanzu ya babu kwa udi, akaitoa, akafukiza buibui lake kwa udi ule ule, na hakuna aliyeuliza udi umeegemea upande gani. Wazungu wakaja na CK One, marashi ya jinsia zote, mwaka 1994 dunia ikashangaa. Sisi hatukuwa na la kushangaa.

Turudi dukani. Nilitaka inipuliziwe mkononi. Akakataa, eti akimpulizia kila mteja chupa itaisha. Akapulizia kikaratasi, akakipungapunga, akanipa. Kilinukia vizuri kweli: iliki mbele, mbao iliyorandwa leo nyuma yake. Nikalipa. Kichupa akakitoa kwenye droo kikiwa kimeshajazwa, kimebandikwa plasta yenye jina la marashi kwa kalamu. Kumimina sikuona. Chupa mama, ile kubwa ya kumiminia vichupa, sikuishika.

Kesho yake nikaoga, nikajikausha, nikapulizia mara mbili shingoni na mara moja kwenye mkunjo wa kiwiko. Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Kitu cha kwanza kilikuwa spiriti, kali, inachoma pua kama ya kusafishia kidonda. Dakika tano hivi iliki ikajitokeza. Matatu ilipofika Kondele iliki ilikuwa imeshaondoka na mahali pake pamekaliwa na achari ya matango, ile chachu. Nikavumilia, maana nilijua Santal 33 ina sifa hiyo. Watu wengi wanaoivaa hulalamika kwamba inawanukia achari. Nikangoja mbao ije. Saa tatu kasoro dakika kumi nilinusa kiwiko, hakuna kitu. Nikamwomba dada mmoja tunayefanya kazi naye aninuse. Akasema anasikia sabuni.

Sasa hili la ngozi, kwa sababu ndilo lililonileta hapa.

Ngozi ina mchango wake, sikatai. Ngozi kavu hupoteza marashi upesi kuliko yenye mafuta, ndiyo maana wazee wetu walijipaka mafuta kwanza. Joto la mwili hurusha harufu hewani. Zile nyepesi kama machungwa na iliki huondoka mwanzo, zile nzito kama sandali, miski na ambari hubaki nyuma. Hata mji una neno. Kisumu tuko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, joto na unyevu wa ziwa, na marashi hulipuka mara tu unapotoka kwenye kivuli. Nakuru wako karibu mita 1,850, asubuhi yao ni ya sweta, na marashi yale yale hukaa karibu na mwili na kufunguka polepole. Mimi huenda Nakuru kila mwisho wa mwezi na nimeliona hili kwenye mkono wangu mwenyewe.

Nalijua pia suala la pua kuchoka. Nina Molecule 01 ya Escentric Molecules, ile ya 2006 ambayo harufu yake yote ni kemikali moja tu iitwayo Iso E Super. Kwangu mimi hupotea baada ya muda mfupi, nikadhani imeisha, halafu mtu ananiuliza kwenye foleni nimejipaka nini. Kwa hiyo siku ya achari sikutegemea pua yangu peke yake. Niliomba pua ya mtu mwingine, nayo ikasikia sabuni.

Lakini ngozi kubadilisha harufu ni jambo moja, na harufu kufutika kabisa ndani ya dakika 40 ni jambo lingine. Muuzaji anachukua lile la kwanza, ambalo ni kweli, anafunikia la pili.

Nikakibeba kichupa hadi Kiamunyi kwa binamu. Yeye ana chupa nzima, na lebo ya Le Labo ina tarehe na mahali ilipotayarishwa. Tukakaa mezani. Mkono wangu wa kushoto, yake. Wa kulia, yangu. Mpulizo mmoja mmoja, ngozi ile ile, chumba kile kile. Na kwenye karatasi nyeupe ya daftari tukapulizia zote mbili kando kando.

Saa ya kwanza kushoto kulikuwa na iliki na achari kidogo, ndiyo, achari ipo hata kwenye ile halisi, na kwangu imezidi kuliko inavyokuwa kwake. Hapo ngozi yangu ina kesi ya kujibu. Kisha ikaja mbao, kavu, yenye moshi, na ile ngozi ya mkoba. Jioni tulipokula ugali bado ilikuwapo; niliinua mkono kunywa maji nikaisikia. Kesho yake ilikuwa kwenye ukingo wa mkono wa shati, na shati lile nilipolivua Kisumu siku ya pili lilikuwa bado linanukia. Mkono wa kulia ulikufa kabla chai haijapoa vizuri. Karatasi nayo ilipokauka, upande wa chupa yake ulibaki na duara hafifu la mafuta ukiiinua kwenye mwanga. Upande wangu ulikuwa mweupe kama daftari lilivyotoka dukani.

Chupa ile imeandikwa eau de parfum, na marashi ya daraja hilo kwa kawaida huwa na mafuta ya manukato karibu asilimia 15 hadi 20. Yangu yamechakachuliwa. Iwe aliongeza spiriti, iwe ni nakala ya bei rahisi, alichoniuzia sicho alichopulizia kwenye kikaratasi. Le Labo siwalaumu hata kidogo, hawajui kama nipo.

Kinachoniuma zaidi ya pesa ni lile neno. Nilitoka pale dukani najinusa mikono kama mtu mchafu. Kwa siku tatu niliamini mwili wangu una kasoro. Mke wangu ndiye aliyesema, "Mbona udi wa bibi haukuwahi kufa juu yako?"

Ijumaa narudi pale na kichupa, karatasi ya daftari, na binamu yangu na chupa yake. Nataka pesa zangu. Na kuanzia sasa sinunui kipimo cha marashi hadi nimepuliziwa kwenye ngozi, nikaenda zangu Kibuye nikatembea juani, nikarudi baada ya muda wa saa nne. Nataka kuona chupa mama, na kumimina kufanyike mbele ya macho yangu. Muuzaji asiyetaka hivyo abaki na mali yake.

Nawaomba kitu kimoja. Kama ulinunua kipimo mjini Kisumu miezi hii na ukaambiwa ngozi yako inakula marashi, tafuta mwenye chupa halisi, mfanye mikono miwili kama tulivyofanya, kisha uandike hapa chini saa ulizopata kushoto na ulizopata kulia.