Saini ya mdhamini imeghushiwa, mayai ya minana yanahusikaje?

Mtoto wa Kaole:
Wakuu habari za jioni. Niko Bagamoyo, katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Juzi mdhamini mmoja kapelekewa deni anasema hii saini si yangu, mi naiangalia fomu naona ni yake kabisa mpaka kile kimkia cha mwisho. Basi nimekaa barazani kichwa kinaniuma, mnazi wa jirani umejaa viota vya minana, wale ndege wanaosuka viota, upepo umeangusha viwili, kimoja mayai yake bluu matupu, kingine meupe yana madoa ya kahawia. Mpwa wangu anasoma chuo akasema mjomba hiyo ndo saini ya ndege, kila jike na yake, na kuna watafiti wanazitambua kwa kompyuta. Kanipiga kamba? Na kama kweli hiyo kompyuta haiwezi kunisaidia na fomu yangu?

Ndege wa Muheza:
Hajakupiga kamba. Jike la mnana anataga rangi yake ileile kila msimu, sababu kuna kekeo, yule ndege mdogo wa kijani kinachong'aa, anamtagia yai kiotani amlelee mtoto bure. Mwenye kiota akiona si lake analitupa nje. Kuna minana walipelekwa Mauritius karne ya 19, kule kekeo hamna, mtafiti David Lahti akakuta mayai ya majike tofauti yameanza kufanana na ya kiota kimoja yanatofautiana, yaani saini imelegea maana hakuna wa kuighushi! Ya kompyuta nayo ni kweli, mwaka 2014 Mary Caswell Stoddard na wenzake walitoa programu inalinganisha madoa ya mayai kwenye picha, ndege wa Ulaya lakini.

Karani Mstaafu:
Nimekaa dirishani benki hapa Tanga miaka mingi, ngoja niseme. Mwanangu usimfananishe kekeo na mwizi wa saini. Kekeo anabahatisha tu, yai la mwenye kiota hakukaa akalikopi. Mwizi anayo fomu ya mwaka jana mezani anaichora, kwa hiyo wewe kusema zinafanana hujasema kitu, lazima zifanane. Angalia wino. Anayechora anakwenda taratibu, mstari unatetemeka, mwanzo na mwisho unakuwa butu badala ya kuchongoka, ananyanyua kalamu pale mwenyewe anapopita moja kwa moja. Geuza karatasi upapase nyuma, mkandamizo wa kalamu ya anayechora utauhisi. Ukikuta mbili zinalaliana kama mhuri ndo ushtuke zaidi, hakuna binadamu anasaini sawasawa mara mbili. Tafuta saini zake za kipindi hichohicho hata kumi, na fotokopi usiiguse.

kijana_wa_kodi:
Naongezea kwa upande wa kompyuta, ipo tangu 1993, watafiti kina Jane Bromley na Yann LeCun pale maabara ya Bell Labs, Marekani, walitengeneza programu inayojifunza, iitwayo mtandao pacha, saini mbili zinaingia inapima zinakaribiana kiasi gani. Ila zilisainiwa kwenye kibao cha elektroniki kinachoona kalamu inavyotembea. Wewe ukipiga picha ya fomu na simu unabakiwa na umbo tu, na umbo ndo hilo mwizi kashalipatia.

Simba Mzee:
Mimi saini yangu mstari na nukta 😂

Ndege wa Muheza:
@Simba Mzee wewe ni yai jeupe, kekeo yeyote anakuweza.

Mtoto wa Kaole:
Wakuu nimerudi. Nimezima taa nikaimulika fomu kwa tochi ya simu kutokea pembeni. Kimkia kina kinundu cha wino mwishoni, na ile M katikati kalamu imenyanyuliwa halafu ikarudishwa, pameunganishwa vibaya. Fomu zake nyingine tatu M imekwenda mvuto mmoja, ila nyuma ya hii fomu ya deni naupapasa mstari wote. Yule mdhamini nilikuwa nishamwambia maneno makali, asubuhi nakwenda kwake kuomba radhi kwanza, halafu fomu yenyewe kama ilivyo kwenye bahasha naipeleka polisi kwa wataalamu wa maandishi. Mpwa anadai soda mbili.