Maembe napiga dawa kila mara lakini funza hawaishi, tatizo nini?

Mkulima_Hombolo: Habari zenu wadau. Nina miembe huku Hombolo, msimu huu nimepiga dawa kwa solo (bomba la mgongoni) mpaka majani yanachuruzika, nzi wa matunda wanapotea siku mbili tatu wanarudi tena, embe kwa nje zuri kabisa ukipasua funza wanarukaruka. Dawa feki au nzi wameizoea? Nikiongeza dozi je, maana mnunuzi ashaanza kunikwepa

MamaMiembe: Usiongeze dozi kaka yangu, utaumia wewe na mlaji. Dawa ya kupuliza inampata nzi mzima tu, yai liko chini ya ganda na funza yuko ndani ya embe haimfikii, akishiba anatoka anajifukia kwenye udongo sentimita chache anageuka pupa, hatua ya kabla ya kuwa nzi, huko nako humgusi. Ndo maana kila siku wanatoka wapya. Sasa sikia, jike akitoka ardhini hatagi hapo hapo, anatafuta protini kwanza kama wiki hivi, mkamatie hapo. Chukua chambo cha protini chenye spinosadi (dawa ya kuua wadudu), nyunyizia matone makubwa sehemu moja tu ya kila mti, chini ya majani, usiguse tunda, anakuja mwenyewe anakula anakufa. Anza embe likiwa bichi bado, rudia kila wiki, mvua ikiosha rudia

Kijana wa Chamwino: Mama kamaliza. Kuhusu kuzoea ni kweli ipo, nzi huyu katokea Asia (Kenya kaonekana 2003 akasambaa huku kwetu) na huko Taiwan na China dawa ya malathioni ilishaanza kushindwa kumuua. Alafu ukipuliza mti mzima unaua na vile vinyigu vinavyotaga ndani ya funza, yaani unamuulia adui yake

Mkulima_Hombolo: Asanteni sana. Na ile mitego ya harufu, methili yujenoli, inatosha yenyewe?

MamaMiembe: Haitoshi, inavuta madume tu, jike aliyeshapandwa anaendelea kutaga. Ining'inize mapema ikuonyeshe wameanza kuingia lini. Ila kaka, yale yaliyodondoka unayafanyaje? Ukiyaacha chini chambo chote kazi bure. Okota kila siku, fukia futi mbili au funga kwenye mfuko mweusi wa plastiki uanike juani mpaka funza wafe, na mapera na ming'ongo ya jirani muongee nae, wanazaliana humo pia