Mdogo wangu anataka kuwa jokei, mpanda farasi wa mbio. Nimwache au nimzuie?

DadaWaNgong
Habari zenu wanajamvi. Naomba ushauri, na wa kucheka wacheke halafu wanijibu.

Kitinda mimba wetu ana miaka 17. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu hapo ni saisi kwenye mazizi ya farasi karibu na uwanja wa mbio wa Ngong, hapa Nairobi. Kuosha, kulisha, kuzoa mavi. Juzi treina, yule anayewafunza farasi, kampandisha farasi wa mazoezi, akaona kijana ana mkono mwepesi kwenye hatamu. Sasa anataka abaki awe mwanagenzi, baadaye aombewe leseni ya kukimbia. Ana kilo 49.

Mama hataki hata kusikia. Nafasi ya chuo cha ufundi ipo, umeme, na karo tumeshachanga. Sehemu kubwa nimetoa mimi, kwa hiyo wote wananitazama. Hii ni kazi ya kumlisha mtu kweli?

MtuWaTandale
Dada, huku Dar mbio ninazozijua ni za kugombea daladala. Naweka mkeka hapa, nasubiri wajuzi.

SaisiMstaafu
Nimeshika ndoo miaka 14, nisikilize. Kenya nzima uwanja wa mbio za farasi ni huo mmoja wa Ngong. Mbio ni Jumapili, tena si kila Jumapili, na katikati ya mwaka msimu unafungwa. Jokei analipwa kwa kila farasi anayempanda mbioni, na akishinda anapata fungu lake kwenye zawadi. Usipopandishwa, huna kitu. Na wenye farasi wanawataka wale wale wanne watano walioshinda juzi.

Mwanagenzi ana faida moja: farasi wake anapunguziwa kilo kadhaa za mzigo anaopangiwa kubeba, ndiyo maana matreina wanamkimbilia. Lakini ushindi wake ukiongezeka, punguzo linapungua mpaka linaisha. Hapo sasa anashindana na wakongwe sawa kwa sawa. Wengi nimewaona wakirudi kwenye ndoo hatua hiyo hiyo. Kinachowapa unga ni kupanda mazoezi ya alfajiri.

Kuanguka ataanguka, hilo msilijadili. Mnyama wa karibu kilo 500 anayekwenda shoti kilomita 60 kwa saa hana breki. Muulize treina bima inalipwa na nani, na uone karatasi. Maneno ya mdomoni usiyachukue.

MlimaWaDurban
Saisi, umemtisha dada wa watu. Huku Afrika Kusini kuna chuo cha wanagenzi, Summerveld, karibu na Durban. S'manga Khumalo, mtoto wa KwaMashu, kitongoji cha Durban, alipitia hapo, na mwaka 2013 akashinda Durban July, mbio kubwa za huku, akiwa juu ya farasi Heavy Metal. Hakuna Mwafrika mweusi wa nchi hii aliyewahi kuishinda kabla yake. Hakurithi mazizi kwa baba. Kwa hiyo njia ipo, ila ni ya kusomea miaka. Kuokotwa zizini peke yake hakutoshi.

AbuHatamu
Niko Dubai, napanda farasi wa mazoezi. Hapa sijawahi kukimbia hata mbio moja, na sioni aibu. Leseni ya jokei ni jambo jingine kabisa. Tunaamka saa tisa usiku kwa sababu ya joto, na mshahara unaingia kila mwezi farasi ashinde asishinde. Kijana akijua kumtuliza farasi mkorofi, kazi ya namna hii anaweza kuipata nchi nyingi. Asiwaze Jumapili tu.

Mizani
Mbona hakuna aliyeuliza la maana? Dada, baba yenu alikuwa na urefu gani? Na huyo kijana anavaa kiatu namba ngapi? Treina mwenye uzoefu anatazama miguu kabla ya mikono. Kilo 49 za miaka 17 si kilo za miaka 21, na kwenye mizani anapanda na tandiko lake.

Jokei anayeendelea kukua anaishia kujinyima. Anakimbia juani amevaa nailoni, anajifukiza, maji anasukutua na kutema. Uingereza waliondoa sauna, vyumba vya joto vya kutoa jasho, viwanjani mwaka 2021 kwa sababu hiyo. Fred Archer alikuwa bingwa wao mara 13, mrefu kuliko kazi yake, na alijikausha mwili miaka yote. Mwaka 1886 alijiua akiwa na miaka 29, homa imempanda na mwili umeshadhoofika. Ningekuwa wewe ningempeleka akapimwe na daktari kabla ya kujadili karo.

DadaWaNgong
Asanteni. Saisi, treina anasema bima "itashughulikiwa". Nimemwambia nitasubiri karatasi. Chuo kinafungua Januari, na alfajiri anaweza kuendelea kupanda mazoezi kwa malipo, kama alivyosema Abu. Mama hapo amelegea kidogo.

Mizani, swali lako limeninyima usingizi. Marehemu baba alikuwa futi sita na ushee. Kijana anavaa namba tisa tangu kidato cha tatu. Nimempigia sasa hivi nimuulize amekula nini leo. Kasema chai ya rangi, kwa sababu kesho treina anampima.

SaisiMstaafu
Saa hizi yuko zizini?

DadaWaNgong
Yuko. Nimeshafunga ugali na sukuma kwenye bakuli, nangoja matatu.